Kiti Ndani ya Nailoni

Kiti cha magurudumu kilikuwa na wiki ya sita katika ofisi ndogo nyuma ya madhabahu, kimefungwa nailoni kama kilivyotoka dukani. Juu yake palikuwa na utepe mwekundu ambao katibu aliufunga mwenyewe, kwa ufundi wa mtu asiye na kazi nyingine siku hiyo. Kila Jumanne kamati ya huduma kwa wahitaji ilikaa kuzunguka meza, kiti nacho kipo pembeni kama mjumbe, na kila Jumanne Sista aliuliza kitatoka lini. Kila Jumanne pia aliambiwa asiwe na haraka.

Huyu Sista hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi mstaafu, na jina la wodini lilimfuata mpaka nyumbani kama harufu ya dawa. Marehemu mumewe alimwita hivyo kila alipotaka chakula. Alikuwa na miguu iliyovimba jioni, sauti ya kuamsha wodi nzima, na uvumilivu ambao aliutumia wote kazini, kwa hiyo kamati ilipomwomba avumilie, ilimwomba kitu ambacho hakuwa nacho tena.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa namna nyingine. Alifanya kazi masjala maisha yake yote, na kwake jambo lisilo na faili halijatokea. Alisema zawadi za kanisa hutolewa mara moja kwa mwaka, Jumapili ya Huruma, mbele ya waumini, mgeni rasmi akiwepo, mlengwa akiwepo, na picha ikipigwa. Tusimsingizie, alikuwa na sababu. Mwaka juzi magodoro manne yaligawiwa kimyakimya, na wiki haijaisha mtaa mzima ukawa unasema wanakamati wanalalia magodoro ya wagonjwa. Mwenyekiti mwenyewe aliulizwa sokoni kama siku hizi analala vizuri. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hata kipande cha sabuni hakitatoka bila mashahidi.

Mgeni rasmi wa mwaka huu alikuwa askofu, na askofu alikuwa ameahirisha mara mbili.

Sasa mlengwa. Mlengwa alikuwa Mama Cherehani, aliyewashonea wanakwaya na wazee wa kanisa majoho kwa miaka thelathini, pamoja na vitambaa vya madhabahuni na kanzu ya mchungaji. Mwaka uliopita aliteleza uani, nyonga ikavunjika, ikaungwa vibaya, na miguu ikagoma. Mikono ilibaki na nguvu zake zote. Aliishi kwa binti yake, vyumba viwili vinavyotazamana na ua, na ng'ambo ya ua ndiko kilikokuwa choo. Hatua kumi na nne. Sista alizihesabu.

Binti alifanya kazi kiwanda cha mikate, akitoka alfajiri na kurudi jioni. Aliyebaki nyumbani mchana kutwa ni mkwe, fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kilikuwa hapo hapo getini. Kwa hiyo mama mkwe alipotaka kwenda haja, aliyembeba ni mkwe wake.

Alikuwa mkwe mwema, hilo hakuna aliyelibisha. Alimtengenezea kiti cha mbao juu ya tundu la choo, akafunga bomba ukutani la kushikilia, ili akishafikishwa pale ajitegemee. Lakini kufikishwa ndiko kulikowamaliza wote wawili. Kila mara mkwe alikohoa kwanza mlangoni mara tatu. Kisha aliingia akiwa ametazama dari, akambeba, akavuka ua akiwa ametazama mawingu, na siku moja akapiga ndoo teke wakanusurika kuanguka wote. Mama Cherehani naye alifumba macho njia nzima. Zamani hawa wawili walikuwa wakitaniana mezani mpaka binti anawanyamazisha. Sasa ilikuwa miezi mingi hawajatazamana usoni.

Sista alimtembelea kila Ijumaa, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa na kamati: kupeleka sabuni, kupima presha, kusali kidogo. Ijumaa moja alikuta midomo imepasuka na ngozi ya mkono, ukiivuta, hairudi. Akauliza kama anakunywa maji. Mama Cherehani akajibu kwamba anakunywa, akaonyesha jagi kando ya kitanda, lililokuwa tupu kweli. Sista akaridhika, na kuridhika huko alikuja kukujutia. Alipotoka, alipita upande wa nyuma wa nyumba kukwepa vyuma vilivyotapakaa kibandani, na chini ya dirisha la Mama Cherehani akaona mche wa mboga ya maboga umestawi, majani mapana kama sahani, wakati ua mzima mwingine ulikuwa umekauka kwa jua. Alisimama akautazama kwa muda. Akarudi ndani.

"Nani anamwagilia boga lako?" akauliza.

Mama Cherehani alinyoosha shuka lililokwisha nyooka. Kisha akasema, "Nisipokunywa, siendi. Nisipokwenda, habebi mtu."

Sista akamkumbusha beseni la chini ya kitanda, alilomletea yeye mwenyewe likiwa jipya.

"Beseni nimelikataa, usinichoshe. Kunibeba ananibeba, tunavumilia, yanakwisha. Lakini aje anibebee na hilo? Halafu jioni nimpakulie chakula?"

Sista alijua vitabu vyote vinavyosema figo zinataka nini, na hakuna kilichosema mkwe atazamwe vipi. Alichoweza kumwambia ni kwamba kiti kipo, ni chake, kinakuja. Akamjaribisha kujivuta kutoka kitandani hadi kwenye kigoda, mikono mitupu, na mama yule akajivuta bila kusaidiwa hata kwa kidole. Kiti kikija, hatua kumi na nne zingekuwa zake mwenyewe.

Siku mbili baadaye Mama Cherehani alipandwa na homa akaanza kumwita binti yake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Walimkimbiza zahanati wakamtundikia maji chupa tatu. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, akamvuta Sista pembeni akamwambia waziwazi kwamba wamemuwahi, na kwamba akikauka namna ile mara nyingine, figo hazitarudi.

Basi Jumanne ile Sista aliingia kikaoni roho ikiwa juu. Alieleza yote, hata yale ambayo mwanamke angependa yasielezwe mbele ya wanaume sita, na alijichukia alipokuwa akiyaeleza. Wanakamati wakainamisha vichwa. Mchungaji akasema tuliombee. Mchungaji alikuwa mtu mwema kabisa, ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, kuogopa ugomvi, na kila ugomvi ulipochungulia mlangoni yeye aliufungia kwa sala. Waliomba. Sista hakufumba macho, alitazama kiti.

Mwenyekiti, kwa sauti ya upole, akasema huruma haina budi kuwa na utaratibu, na kwamba zimebaki siku kumi na mbili tu askofu afike. Sista akauliza swali ambalo kwa wiki sita hakuna aliyeliuliza: mlengwa anatakiwa awepo kanisani kupokea kiti, sawa, sasa atafikaje kanisani naye hana kiti?

Katibu akajikuna kichwa. Mwishowe akapendekeza abebwe na mashemasi wanne kwenye kiti cha jikoni.

"Anakufa kwa kukwepa kubebwa na mmoja," Sista akasema, "ninyi mnamletea wanne."

Wakajadili nusu saa nzima. Wakapata dawa: atafutwe mwakilishi. Mlengwa abaki nyumbani apumzike, na mwakilishi akae kwenye kiti kwa niaba yake, apokee, apigwe picha. Aliteuliwa mama mmoja wa sauti ya kwanza ya kwaya, mwenye afya ya kutosha watu watatu, akaitwa kutoka mazoezini. Na ili mambo yasiharibike siku yenyewe, wakaona bora wafanye zoezi hapo hapo. Nailoni haikutolewa, maana kiti kilitakiwa kionekane kipya, kwa hiyo yule mama alikaa juu ya nailoni, ikamkoromea chini yake, akateleza mbele, akakaa tena. Mwenyekiti akamwelekeza ainue uso aonyeshe shukrani. Yule mama akajitahidi kuonyesha shukrani. Sista alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Alhamisi mchungaji alimpigia simu. Barua imefika, askofu amepata dharura, Jumapili ya Huruma imesogezwa hadi mwisho wa mwezi ujao. Sista alimwambia ahsante kwa taarifa. Kisha akavaa viatu vyake vya kazi, vile vyeupe ambavyo hakuvivaa tangu astaafu, akaenda kanisani mchana kweupe.

Ufunguo wa ofisi ile alikuwa nao, kwa sababu sabuni za wagonjwa zilikaa humo. Alikikokota kiti mpaka nje. Mlinzi akamsimamisha getini, akamuuliza kama kuna kibali. Sista akamwomba daftari la wanaoingia na kutoka, akaandika kwa mwandiko mkubwa: kiti kimoja, kimechukuliwa na Sista, kinakwenda kwa mwenyewe. Akatia sahihi. Mlinzi aliusoma mstari ule mara mbili, akafungua geti, na kabla Sista hajafika kona akamwona akitoa simu mfukoni.

Njiani alikuwa kichekesho. Kiti kitupu chenye utepe, nailoni inapepea, na mama mzima anakisukuma kwa hasira kana kwamba kimemkosea. Kinyozi mmoja alitoka mlangoni akamuuliza bwana harusi kaanguka wapi. Muuza viatu akasema ukishindwa kukisukuma mama, kaa, nikusukume mimi. Siku nyingine angewajibu wakome. Siku ile alipita tu, jasho linamtiririka mgongoni, akiyatamka kimoyomoyo maneno atakayomwambia Mwenyekiti. Yalikuwa mengi, mengine hayafai kwa mtu anayetoka kanisani.

Alipofika, mkwe aliacha tairi alilokuwa akiliziba, akafuta mikono, akakizunguka kiti kile mara moja kimya. Akachana nailoni kwa kisu cha kazi. Utepe hakuukata, aliufungua fundo taratibu akampa Sista. Wakakiingiza chumbani, na mkwe akatoka akasimama mbali, karibu na geti.

Mama Cherehani alikipapasa kiti kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata. Akajivuta. Alikaa, akapumua, akashika magurudumu, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima akatoka mlangoni mwake bila mtu chini yake. Alivuka ua. Gurudumu moja lilitaka kwenda kushoto, akalirudisha. Sista alitembea nyuma yake mikono ikiwa mgongoni, ameizuia kwa nguvu isisaidie. Hatua kumi na nne.

Mlangoni mwa choo kiti kikagota.

Akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena. Kikagota tena. Gurudumu la kulia liligonga fremu, la kushoto likagonga fremu. Sista akainama, akaweka vidole. Kiti kilikuwa kipana kuliko mlango kwa vidole viwili.

Sista alibaki ameinama, na aibu ikampanda toka miguuni. Wiki sita amekaa mbele ya kiti kile akihesabu makosa ya wenzake. Ijumaa zote hizo amepita mbele ya mlango huu. Hatua alihesabu, presha alipima, homa alipima. Mlango hakuupima. Kamati ilijadili askofu, picha, mwakilishi na utepe, na yeye alipiga kelele kuliko wote, na katika watu wote hao wenye huruma hakuna hata mmoja aliyechukua kamba akaja kupima mlango wa choo.

Mkwe alisogea akitazama mawingu, akakohoa mara tatu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba zimebaki hatua mbili tu, kama mama anaruhusu.

"Leo sibebwi," Mama Cherehani akasema.

Ndipo Mwenyekiti alipoingia, amevaa koti katika jua lile, daftari la mlinzi kwapani. Alikuwa amejiandaa njia nzima, hilo lilionekana. Akaanza na kanuni, akaingia kwenye magodoro ya mwaka juzi, akasema kanisa si soko la kila mtu kujichukulia, na kwamba yeye hana ugomvi na mgonjwa ila na Sista. Alikuwa amefika kwenye uwajibikaji alipogundua kwamba wenzake wote hawamtazami yeye. Akafuata macho yao. Akaona kiti, akaona mlango, akaona mwanamke mzee aliyekaa mbele ya choo akiwa amebana magoti. Sentensi yake haikumalizika.

Mama Cherehani aligeuza kiti amtazame.

"Mwenyekiti, wewe nimekushonea majoho mangapi?"

Mwenyekiti akasema manne, kama hakosei.

"Na hili bega lako moja lililoshuka, nani anajua kanisani pale? Hakuna. Kwa sababu nilikupima." Kisha akamgeukia Sista pia, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Miaka thelathini nimewavalisha ninyi nyote. Hakuna hata mmoja niliyemkatia kitambaa kabla sijampima. Mimi mmeniletea kitu, hakuna aliyekuja na kamba."

Sista alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyepigana, yeye ndiye aliyekokota kiti mtaa mzima akachekwa. Akayaacha, kwani maneno hayo hayakuwa na faida yoyote hapo mlangoni.

Mama Cherehani akatoa tepu yake ya kushonea, iliyokuwa imeviringwa mfukoni mwa gauni, akampa mkwe. Akamwamuru apime upana wa kiti kwanza, gurudumu hadi gurudumu, kisha ukuta hadi ukuta ukiondoa mbao. Mkwe akapima, akataja. Ukuta wenyewe ulitosha na nafasi ikabaki. Kilichozuia ni fremu. Akaenda kibandani akarudi na nyundo na mtaimbo. Akaung'oa mlango kwanza, kisha akaanza kuikwanyua fremu, misumari ikilia, vumbi la saruji likimwangukia nyweleni. Ubao wa juu ulipolegea ukataka kumdondokea, na aliyekuwa karibu ni Mwenyekiti. Alisita. Akaweka daftari chini, akaushika ule ubao kwa mikono miwili, koti lake likashika vumbi kifuani.

Sista naye alikuwa amekwenda chumbani kuleta shuka. Mama Cherehani alilikunja pindo hapo hapo kitini, akapitisha kamba, akampima mkwe kwa macho akamwambia apigilie msumari juu zaidi, hapana, juu kidogo. Kitu cha kulifungia pembeni lisiburutwe na magurudumu hakikupatikana haraka, kwa hiyo Sista akatoa ule utepe mwekundu.

Mama Cherehani akaingia. Kiti kilipita. Pazia likaanguka nyuma yake.

Watatu wakabaki uani, kila mmoja anatazama kwake. Mkwe alitazama misumari iliyopinda mkononi mwake. Sista alihisi hasira bado ipo, yote, ila sasa haikujua imwendee nani, maana nusu yake ilikuwa yake mwenyewe. Kisha Mwenyekiti akamsogelea, akajikung'uta koti, akauliza kwa sauti ya chini kama ile nailoni imechanika sana. Alisema anauliza tu, kwa ajili ya mwisho wa mwezi ujao, kiti kirudishwe kwa saa moja, kwa picha tu.

Sista alikuwa na maneno mengi alipoondoka kanisani, na sasa hakubakiwa na hata moja. Mkwe aliinama, akaokota nailoni yote, akaikunja vipande vinne kwa uangalifu, akaenda kuisukuma ndani ya pipa la takataka.

Pazia likasogea. Mama Cherehani alitoka mwenyewe, taratibu, akipima kwa macho gurudumu hili na lile yasiguse ukuta, na hayakugusa. Akaja mpaka katikati ya ua akasimama penye kivuli kidogo cha kibanda.

"Nipeni maji," akasema.

Mkwe ndiye aliyekwenda. Alirudi na kikombe kikubwa cha bati, akampa akiwa ametazama pembeni kama alivyozoea. Mama yule alikinywa chote bila kupumzika, maji yakimdondokea kidevuni, akakirudisha kikiwa kitupu.

"Tena."

Akaletewa kingine. Hicho alikinywa polepole, funda baada ya funda, macho yake yakiwa juu ya ukingo wa kikombe, akimtazama mkwe wake usoni mpaka naye akamtazama.